Kabla Hamjaja kwa Victorine

Lubumbashi, Alhamisi asubuhi

Kwa dada yangu mkubwa, yaya yangu mpendwa Alima, Sakania

Assalamu aleikum, yaya. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji Moussa na watoto wote. Mguu wako ulioteguka pale stesheni umepona? Watoto wanaendelea kusoma, au walimu wamegoma tena? Huku kwetu Makomeno joto limekaa juu ya mabati tangu mwezi ulipoanza, na mvua inanguruma mbali upande wa Zambia bila kufika. Mke wangu Chadia hajambo. Wanangu wote wawili hawajambo, na mdogo ameota magego. Majirani wanakusalimu, hasa wale kina mama waliokaa nawe siku za matanga ya Mama.

Naandika kwa kile Kiswahili cha barua alichotufundisha Baba, sisi wawili tumekaa mkekani tukigombania kalamu moja. Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Nimekupigia mara mbili wiki hii. Mara zote mbili uliweka sauti juu, nikamsikia Moussa na watu wengine kando yako, basi nikauliza habari za mvua, nikakata. Maneno niliyo nayo hayasemeki mbele ya watu waliokwisha kukasirika. Tena nataka uwe nayo mkononi, yakiwa na jina langu chini, ili mtu asiseme kesho kwamba Alima ameyatunga. Mama Chilufya, yule anayekuja huko kununua unga, anaondoka leo saa sita mchana, na ameniahidi kukupa wewe mwenyewe. Tafadhali isome peke yako kwanza. Isome mpaka mwisho, hata pale utakapotaka kuichana.

Sasa habari zangu. Mahali hapa kwenye barua ndipo mtu huandika kwamba yeye pia ni mzima. Siwezi. Uliniambia kwenye simu kwamba sauti yangu imekuwa nyembamba. Mwili wote umekuwa hivyo. Siku ya Idi kiuno changu kilikuwa sentimita themanini na nane. Leo ni sabini na mbili. Fundi hawezi kujidanganya mbele ya utepe wake. Kila wiki, wateja wakishaondoka, nilikuwa nafunga mlango wa atelye, navua suruali na kuipunguza kidogo kwenye mishono, ili Chadia asione nguo inaning'inia. Nilipunguza mashati. Nilipunguza kanzu ya Ijumaa. Kazi hiyo ya kuficha mwili wangu niliifanya kwa ustadi ambao sijawahi kumpa mteja yeyote.

Siumwi tumbo, na njaa naisikia kama kawaida. Tatizo ni koo. Lilianza siku ya tatu ya matanga ya Mama, wewe ukiwa ndani na wanawake. Sisi wanaume huku nje tulinawa mikono, ikaletwa sinia ya bukari na nyama ya mchuzi. Nilikata tonge, nikachovya. Likafika nyuma ya ulimi, likakaa. Nilihisi pumzi inakwisha, na huku nilikuwa napumua. Moyo ulinipiga mpaka masikioni. Nikaenda nyuma ya nyumba nikatema, nikarudi nikasema nimeshiba. Watu wakasema ni huzuni. Lakini huzuni hupungua, yaya, na hii iliongezeka.

Nyama niliiacha kwanza. Halafu samaki, hata kapenta. Halafu wali, kwa sababu punje moja inaweza kupotea njia. Bukari niliipigania kwa muda, nayo ikanishinda. Mwezi wa tatu wa ugonjwa huu nilikuwa nakunywa uji uliochujwa kwa kichujio cha chai, kijiko kwa kijiko, nimeshika kikombe cha maji mkono wa pili, nimekaa karibu na mlango. Asubuhi, kabla sijafungua macho, nameza mate kujaribu kama koo lipo. Likimeza, naamka. Likikataa, nakaa kitandani nimeshika shingo mpaka jua liingie dirishani. Kwenye atelye, mteja akija anatafuna karanga namwomba amalizie nje. Akikohoa mtu barabarani, mkasi unanianguka. Msikitini nasimama safu ya mwisho karibu na viatu, kwa sababu katikati ya watu naona sitaweza kutoka. Harusi mbili za ukoo nimezikimbia, na ndugu wanasema nimekuwa na maringo.

Kibaya kuliko vyote ni wanangu. Sikuweza kuwaangalia wakila. Nilikuwa nachukua nyama kwenye sahani zao, naikatakata mpaka inakuwa kama mchanga, na hata hapo nawaambia watafune tena, watafune tena. Siku moja mkubwa alicheka huku chakula kikiwa mdomoni. Nilimrukia nikamshika taya, nikamtoa kile chakula kwa nguvu. Alilia mpaka akatapika. Tangu siku hiyo wanakula kimya, macho chini, na nikiingia wanaacha. Kuna asubuhi ambazo sikuona sababu ya kuamka, yaya. Nayaandika hayo kwa sababu kuna mtu aliniuliza waziwazi, nikamjibu kweli, na kumjibu kulinisaidia. Nitakuja kwake.

Nilitafuta dawa. Shehe alinisomea, akaniandikia kombe, nikalinywa. Hospitali walinipiga picha ya koo na kifua, daktari akaishika mbele ya dirisha akasema njia ni safi. Mwezi wa nane Chadia alinipeleka kwenye kituo cha afya ambako kuna muuguzi anaitwa Mama Mwelwa, anayehudumia watu walioumia kwenye mawazo. Nilikataa kwanza, nikasema mimi si kichaa. Mama Mwelwa hakubishana. Aliniuliza nakula nini, nalala vipi, na kama nawaza kufa. Akaniambia hofu hii ni ugonjwa kama malaria, una jina lake na una njia yake ya kutokea. Akanifundisha kuinamisha kidevu, kutoa pumzi, na kumeza kitu kidogo kama punje ya mtama, kesho kikubwa kidogo zaidi. Wiki ya sita nilikuwa nameza ndizi mbivu iliyopondwa. Siku ile nikiondoka alinishika mkono, akasema, "Koo yako haina kintu, Djuma. Lakini kuko neno moja haujaniambia. Ile neno njo inafunga."

Nilimwambia hakuna neno.

Wakati huohuo mambo ya Victorine yalikuwa yanakua. Unakumbuka kwamba sisi wenyewe ndio tuliomwita. Mama alipopooza upande wa kulia, wewe ukiwa Sakania na Chadia akiwa na mimba kubwa, tulitafuta mtu wa kumhudumia, akaja yeye kutoka mtaa wa Annexe, mjane, Mkatoliki, asiye na maneno mengi. Mwaka mmoja na miezi minne alimwosha Mama, alimgeuza, alimpaka mafuta mgongoni. Chakula chake chote alikiponda, maana daktari alikuwa amekataza kitu chochote kigumu: koo la Mama nalo lilikuwa limepooza nusu.

Halafu Mama akafa, siku tatu baada ya Idi. Jirani aliyeingia wa kwanza alisema alimkuta Victorine ameinama juu ya Mama, anamfuta mdomo, kisha akakunja kile kitambaa akakificha ndani ya kitenge chake. Wewe ulifika baada ya mazishi kwa sababu ya barabara, hukuona hata uso wa Mama. Uliniuliza nani alikuwa naye. Nikasema Victorine. Ukaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa atelye. Ukasema mtu hafuti mdomo wa maiti na kuficha kitambaa bila sababu.

Neno lako lilikaa hapo kama wiki tatu. Nilipoanza kukonda, likapata miguu. Watu walisema ile sumu aliyommaliza nayo mama, sasa anammaliza nayo mtoto, polepole. Kila kilo iliyoniacha ikawa ushahidi juu yake. Nilipopita barabarani wanawake walinitazama kiuno, wakatema mate upande wa Annexe. Waliokuwa wananunua mboga zake za lengalenga wakaacha. Bombani akifika, wengine wanainua ndoo zao wanaondoka. Mahindi yake machanga yaling'olewa yakapangwa mlangoni kwake, mizizi juu. Na mwezi wa tisa, mchana kweupe, jiko lake la nyasi liliwaka moto. Aliyewasha hajulikani. Habari ilinikuta atelye, natia zipu kwenye sketi ya shule. Nilimaliza kutia zipu.

Jumapili iliyopita ulinipigia ukaniambia mmechoka kungoja. Ulisema Jumapili hii mnakuja na Moussa na vijana wake, na watu wa mtaa wake Victorine mwenyewe wako tayari. Nayakumbuka maneno yako ya kumtoa kwa nguvu: "Tutamutosha mu ile nyumba. Akubali ao akatae." Halafu ukashusha sauti ukaniambia unafanya hivi ili nisife. Najua. Hakuna mtu duniani anayenipenda kama wewe, na ndiyo maana niliogopa.

Sasa yaya, kama umesimama, kaa.

Siku ile sikuwa atelye. Nilikuwa nyumbani. Chadia alikuwa amempeleka mtoto kwenye chanjo, na Victorine alikwenda mashineni kusaga mahindi. Nilibaki na Mama. Nyama ya Idi ilikuwa imebaki jikoni, ile Chadia aliyoikaanga na vitunguu, na nyumba nzima ilinukia. Mama aliniangalia. Unajua maneno yake yalikuwa yamebaki machache. Alisema, "Djuma, kidogo." Nilimwambia daktari amekataza. Akasema tena, "Kidogo tu," na machozi yakamtoka jicho la upande mzima. Zaidi ya mwaka alikuwa anakula vitu vilivyopondwa mpaka havina jina. Nilimkatia kipande kama ukucha. Akakitafuna upande wake mzuri, akameza, akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, cha kabla Baba hajafa. Nikampa cha pili. Cha tatu nilikikata kikubwa zaidi, kwa sababu nilikuwa na furaha.

Cha tatu hakikushuka.

Uso wake ulibadilika. Mkono wake mzima ulinishika shati hapa kifuani. Nilipaswa kumwinamisha, kumpiga mgongoni, kuingiza kidole, kuita watu. Hayo yote nayajua leo, na nadhani niliyajua hata siku ile. Niliutoa mkono wake kwenye shati langu, kidole kimoja kimoja, nikatoka nje. Nilisimama kwenye ukuta wa lupango, ule ua wetu, uso ukutani. Kando ya kitanda chake kulikuwa na kikombe cha bati. Nilisikia anakigonga kwenye chuma cha kitanda. Aligonga, akagonga, kisha akagonga polepole, kisha ikawa kimya. Niliendelea kusimama pale. Niliposikia geti linafunguka nyuma yangu sikugeuka. Nilizunguka upande wa pili wa nyumba, nikapita njia ya nyuma, nikaenda kufungua atelye. Waliponijia kuniita, nilikuwa nashona.

Mama Mwelwa anasema mwili wa mtu ukishtuka huamua kabla ya mwenyewe: wengine hupigana, wengine huganda, wengine hukimbia. Huenda ni hivyo kwa dakika zile. Lakini kukuambia wewe, uso kwa uso, kwamba sikuwapo, na kurudia uongo huo miezi mitano mpaka jiko la mtu likachomwa, huo haukuwa mshtuko. Huo nilikuwa mimi.

Jumatatu nilikwenda kwa Mama Mwelwa nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia amefurahi nimesema, kisha akasema, "Lakini miye si muntu wa kuambiwa. Kuko muntu banamuchomea jikoni sababu yako. Kwenda kwake." Jumanne nilimwambia Chadia. Alikuwa anakunja nguo za watoto. Hakuinua kichwa mpaka alipokunja ya mwisho. Halafu alisema, "Na miye nilimutemeaka mate mbele ya bantu." Tangu saa ile hajazungumza nami, ingawa asubuhi nilikuta bakuli la uji limefunikwa mezani.

Jana nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka Annexe. Nilimkuta Victorine analima matuta, akingojea mvua. Amekonda naye. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nilisimama mwisho wa tuta nikasema yote, kuanzia kipande cha kwanza mpaka njia ya nyuma. Aliendelea kulima. Nilipomaliza alifika mwisho wa tuta, akasimamisha jembe.

"Nilijua," alisema. "Ile nyama, miye njo niliitosha mu kinywa yake, na kidole yangu. Nikaifunga mu kitambaa, bantu basione."

Nilimuuliza kwa nini, yaya. Akanifanya nirudie. Akasema alipofungua geti aliniona ukutani, akaniona namna nilivyosimama. Akaingia ndani, akaelewa. Alifikiri kwamba watu wakijua nilichofanya, nitajiua kwa aibu siku hiyohiyo, na Mama hakumwomba alinde kitu kingine chochote duniani ila wanawe. Kwa hiyo akafuta mdomo, akaficha kitambaa. "Nikasema, leo atasema ye mwenyewe. Nikasema, kesho. Ulipokuja ku matanga na kunipita kama haunijue, nikasema bado iko na uchungu, atasema. Nilingojea, Djuma. Mpaka jikoni yangu ikaungua, nilikuwa nangojea."

Nilipiga magoti pale kwenye udongo. Aliniambia nisimame, watu wanatazama. Akasema, "Sijakusamehe. Usiniombe leo." Sikumwomba.

Na watu kweli walikuwa wanatazama. Wanawake wanne walikuwa wamesimama nje ya ua na mabeseni yao, na mwanamume mmoja juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Nilimsikia mmoja anasema nimekuja kufia mahali nilipouliwa. Ilikuwa saa saba mchana. Victorine anapika nje sasa, kwenye babula, jiko la makaa, chini ya jua, na alikuwa amechemsha viazi vitamu. Hata akiwa na hasira hawezi kula mbele ya mtu bila kumpa. Aliweka sahani mbele yangu, kisha akaangalia sahani, akaangalia ua, akaelewa kabla yangu. Nikikataa chakula chake mbele ya watu wale, nimewathibitishia kila kitu. Alinyoosha mkono kuichukua akasema kwa sauti ndogo, "Acha. Haulazimike."

Nilishika sahani. Tangu bukari inishinde sikuwa nimemeza kitu kigumu kuliko ndizi. Nilimega kipande kidogo, nikatafuna. Kikawa uji mdomoni na bado nikatafuna. Koo likafunga. Nikainamisha kidevu nilivyofundishwa, nikatoa pumzi, koo likafunga zaidi. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viganja. Nikakohoa, chembe zikaruka. Wanawake wakasogea uani, na mmoja akasema, "Ameanza." Yule wa baiskeli akaishusha chini, akasogea naye, na mkononi mwake nikaona kipande cha chuma nilichokuwa sijakiona mwanzo. Victorine hakusogea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini, ananiangalia usoni bila huruma na bila chuki, kama mtu anayengoja kitu alichokwisha kukingojea muda mrefu.

Kikashuka. Nilikisikia kinashuka chote, polepole, kinauma. Nikafungua mdomo wazi nikawageukia wale watu ili waone. Nikamega kingine. Nusu ya kiazi ilinichukua muda wa swala nzima ya jamaa, na nililia nikila, na pua ikanitoka kama mtoto. Nilipomaliza nilisimama nikasema kwa sauti, jina langu na la baba yangu, kwamba mama yangu alikufa mkononi mwangu kwa nyama niliyompa mimi, na mama huyu hana kosa. Wanawake waliinua mabeseni wakaondoka mmoja mmoja. Yule mwanamume alibaki. Sijui alibaki kwa sababu ameamini, au kuona kama nitaanguka.

Alasiri nilikwenda kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa ule, na kuandika hayohayo, nikatia sahihi. Alisoma mara mbili. Aliniambia atatuma mtu, lakini hakuficha: karatasi haisimamishi miguu ya watu, hasa watu wanaokuja kutoka mbali wakiwa wameitwa na mwenye msiba. Alisema, "Mwenye kubaita ni dada yako. Yeye njo abarudishe." Jana magharibi, niliporudi kwa Victorine kumfungia mlango kabla ya kwenda nyumbani, jiwe lilianguka juu ya bati. Likafuata la pili. Hatukumwona mtu.

Kwa hiyo yaya, sikuombi unihurumie. Nimekunyima uso wa Mama mara mbili: mara ya kwanza kwa kumwacha, mara ya pili kwa kukudanganya jinsi alivyokufa. Unaweza kunilaani, na ukoo ukitaka kunihukumu nitakaa chini nisikilize. Lakini Moussa hanisikii mimi. Anaona kiuno changu tu. Anakusikia wewe. Mwambie leo, kabla hajakusanya watu, kabla hawajanywa na kupeana ujasiri. Na ukiona lazima uje Jumapili, njoo peke yako. Mimi nitakuwa hapa. Asubuhi hii nimeleta mashine yangu ya kushona, nimeiweka mlangoni kwa Victorine, na barua hii naiandika juu yake. Wateja wamekasirika, wanasema Annexe ni mbali. Kila anayepita barabarani ananiona nimekaa kwake, nakunywa maji yake. Atakayetaka kuingia ndani atanipitia mimi kwanza.

Sijapona. Nataka ulijue hilo pia, usije ukadhani kusema kumenifungua koo. Asubuhi hii nilijaribu kiazi tena, kikakataa, nikarudi kwenye uji. Mama Mwelwa alinionya kwamba itakuwa hivyo, siku moja mbele, siku mbili nyuma, na kwamba nisiache kwenda kwake. Sitaacha.

Mama Chilufya amekwisha kufika, anafunga mizigo yake huku ananiangalia. Nisalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake. Msalimie shemeji Moussa, mwambie sina kinyongo naye, hasira yake imetokana na uongo wangu. Ukimaliza kusoma usinipigie mimi. Mpigie Victorine. Hajabadilisha namba. Ni ileile uliyokuwa ukipiga kila jioni, yeye akiishika simu sikioni mwa Mama mpaka mmalize. Anasema hata sasa, ikifika saa ile, bado anaiangalia.

Wasalaam, yaya.

Mdogo wako,
Djuma